Nani Alimngoja Shangazi?

Fomu ya kuagiza gari la kumpokea Shangazi uwanja wa ndege ilikuwa na kisanduku chenye nyota nyekundu: jina litakaloandikwa kwenye kibao. Ukikiacha wazi, kitufe cha kulipia hakibonyezeki. Nilikuwa nimeketi nje ya lango la kazini Kilindini, Mombasa, zamu haijaanza, chai inapoa kando yangu, nami sijui niandike nini.

Shangazi haitwi jina lake la pasipoti na mtu yeyote nyumbani. Kwa marehemu baba alikuwa Dada. Kwetu sisi ni Shangazi Mkubwa. Kwa Kibokoni nzima, mtaa wetu, ni mama wa fulani, kwa jina la kifungua mimba wake, na hata muuza maziwa humwita hivyo. Lile la pasipoti wanalijua maofisa wa uhamiaji na benki yake ya London.

Niliandika lile la pasipoti, kwa herufi kubwa. Nikalipa shilingi 3,500, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, nami nikaingia kazini.

Kesho yake asubuhi, mbele ya mahamri na mbaazi na nusu ya ukoo, Shangazi akasema, "Kumbe siku hizi mgeni hupokewa kwa risiti."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini wiki zimepita na kauli ile bado imenikwama kooni kama mwiba wa tasi.

## Hesabu ilikuwa sawa

Nieleze kwanza kwa nini niliagiza gari, maana kuna watakaodhani ni uvivu.

Ndege yake ya kutoka Nairobi ilikuwa itue saa mbili usiku. Zamu yangu ilikuwa iishe saa tatu. Ndugu yangu yuko Lamu. Probox ya binamu ilikuwa juu ya mawe kwa fundi, klachi imetolewa. Mjomba haendeshi tena usiku tangu macho yaanze kumsumbua, na haambiwi hivyo mbele ya watu.

Ningemwambia achukue teksi mwenyewe? Mtu anashuka na laini ya Uingereza ambayo pengine inashika, pengine haishiki. Hana M-Pesa. Hana shilingi, ana pauni. Programu za teksi zinataka intaneti, na zinataka mtu wa kupokea simu ya dereva anayeuliza uko wapi, unaenda wapi, unalipa keshi au vipi, kisha akisikia jibu lisilompendeza anaikata safari uanze upya. Mimi nimeuzoea mchezo huo. Mama aliyevuka sabini, na masanduku yake mawili, usiku, hana sababu ya kuuzoea.

Wapo pia madereva wa teksi wa pale pale uwanjani, wenye magari ya mstari wa manjano. Siwasemi vibaya kama wengi wanavyowasema. Mtu amepanga foleni tangu asubuhi, zamu yake imefika jioni, anampata abiria mmoja, kisha anarudi mkiani. Bei anayokutajia imebeba siku nzima ya kukaa. Taabu ni kwamba bei hiyo hutajwa mlangoni, mgeni amechoka, na mavazi na masanduku yake yameshamchongea kuwa anatoka ng'ambo. Shangazi hupatana bei ya samaki mpaka muuzaji aombe amani, lakini si baada ya kukesha angani.

Gari la kuagiza mapema lilikuwa na majibu ya hayo yote. Bei ni moja na imeshalipwa. Jina la dereva na namba ya gari vinakuja kwenye simu yangu. Na kuna mtu atakayesimama na kibao.

Jambo moja nilitaje kwa faida ya atakayeagiza, kwa sababu lilinipa kazi: namba ya ndege. Tiketi yake ilikuwa na mbili, ya London hadi Nairobi na ya Nairobi hadi Mombasa. Inayotakiwa ni ya mwisho, maana ndiyo dereva huifuatilia kwenye simu kujua imechelewa au la. Na kwa kuwa pasipoti hugongwa muhuri Nairobi, anayeshuka Mombasa kwa ndege ya ndani hana foleni ya uhamiaji. Anangoja sanduku, analiburura, yuko nje. Dereva asipokuwapo dakika hiyo, mgeni anasimama peke yake.

## Enzi za kujazana

Ile "risiti" ilikuwa na maana gani, hakuna aliyeuliza mezani pale.

Kwetu kumpokea mgeni wa ng'ambo ilikuwa safari ya ukoo. Matatu nzima ya Nissan ilikodiwa kwenda uwanjani, ambako wazee mpaka leo wanakuita Port Reitz ingawa jina la Moi lipo tangu kabla sijazaliwa. Watoto tulikogeshwa jua likiwa bado juu. Kina mama walifunga vikuba vya asumini na rehani, wakavitia kwenye mfuko wenye matone ya maji visinyauke. Ndani ya gari tulikaa wanne kwenye kiti cha watatu, asumini na udi vikichanganyika na dizeli, na lazima mmoja atapike kabla ya Changamwe. Mara nyingi alikuwa mimi.

Tukifika, tunangoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mlango unafunguka, anatoka mtalii wa hoteli za Diani, unafungwa. Unafunguka tena, anatoka rubani. Kila ukifunguka tunajinyoosha sote kwa pamoja. Mara anatokea yeye, na mmoja wa kina mama anapiga kigelegele mbele ya askari asiyejua akemee au atabasamu.

Nayakumbuka hayo kwa raha, na ndiyo maana siyaamini sana.

Maana nimekuwa mtu mzima, nimejua mambo ambayo mtoto hakuonyeshwa. Ile Nissan ililipwa na nani? Mara nyingi na mgeni mwenyewe, kwa bahasha aliyomtilia mtu mkononi hata kabla hatujafika Makupa. Kigelegele kilikuwa cha kweli, na macho yaliyoyapima masanduku yalikuwa ya kweli vilevile. Nina binamu Kanada aliyewahi kuniambia hapendi kutua Mombasa mchana. Usiku ni afadhali, alisema, kwa sababu mchana atakuta watu kumi na wawili wamejipanga na kila mmoja ana lake.

Basi mtu akiniambia zamani tulipokeana kwa mapenzi na leo tunapokeana kwa pesa, nitamwambia pesa zilikuwapo. Zilipita njia nyingine.

Jibu hilo nilijiridhisha nalo kwa muda. Halikukaa.

## Ndege ikachelewa

Kilichoiharibu hesabu yangu nzuri ni kwamba ndege ilichelewa kuondoka Nairobi. Badala ya saa mbili, ilitua saa nne kasorobo.

Nami nilitoka kazini saa tatu.

Kutoka Kilindini hadi uwanja wa ndege si safari. Ningepanda bodaboda, nikapita Kibarani, nikawa mlangoni kabla ndege haijagusa lami. Sikwenda. Nilimpigia dereva, akaniambia yuko pale, ameona kwenye simu ndege imechelewa, nisiwe na wasiwasi. Nami sikuwa na wasiwasi. Nilioga, nikabadilisha nguo, nikaenda kuwangoja Ngomeni.

Shangazi anajua kuhesabu saa. "Si ulitoka saa tatu?" aliniuliza, akimega hamri.

Nilimpa majibu. Gari limeshalipiwa, mtu yuko pale, mimi ningekwenda kuongeza nini? Hakunijibu. Alichovya kwenye mbaazi akaendelea kula, na ule ukimya wake ndio uliofanya swali langu lirudi kwangu. Ningeongeza nini? Kwa upande wa usafiri, sifuri. Gari halikuhitaji mtu wa kulisukuma.

## Mlango hadi mlango

Ujumbe wa kuthibitisha uliahidi kumfikisha mgeni mlango hadi mlango. Aliyeuandika hajafika Kibokoni.

Alama ya ramani ilikuwa imetua juu ya paa la jirani. Vichochoro vyetu vilipimwa kwa mabega ya watu, havikupimwa kwa magari, na usiku ule hata ule mmoja unaopitika kwa taabu ulikuwa umezibwa na tuktuk mbili zilizolala. Gari likaishia Ngomeni, chini ya kuta za Fort Jesus, ambako magari mengi ya wageni wetu huishia. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593 na haijapata kutuachia nafasi ya kuegesha.

Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo mfupi sana, lakini ulitula muda. Vijana wa barazani waliinuka bila kuitwa, mmoja akatwaa sanduku kubwa begani, mwingine la pili. Shangazi alisimama kila baraza. Huyu anaulizwa mama yake, yule anaambiwa amekonda, mwingine anapewa pole ya msiba wa mwaka juzi kana kwamba ni wa jana. Mwenye sanduku begani alikuwa amefika, amelitua, amerudi kutuangalia, na sisi bado tuko baraza la tatu.

Dereva alikuja nyuma yetu na mkoba wa mkononi wa Shangazi. Angeweza kunikabidhi pale garini akaenda zake. Nyumbani akapewa kahawa na halua, akanywa amesimama kwa sababu gari lake lilikuwa limekaa vibaya. Nilipompa kitu cha ziada alikipokea bila kujitia hataki, jambo nililolipenda.

## Mtu wa kungoja

Tulizungumza vizuri siku aliporudi kuleta miwani ambayo Shangazi aliisahau kwenye kiti. Ni kijana wa Mikindani, anaendesha Axio ambayo si yake, na kila wiki lazima mwenye gari apate chake. Yeye huniita bosi, mimi humwita kaka. Bosi hayupo kati yetu.

Katika zile 3,500, aliniambia, kilichomfikia ni zaidi kidogo ya nusu. Zilizobaki zilimegwa njiani, na tovuti niliyolipia na wakala wa hapa Mombasa anayeigawa kazi. Kwenye programu za teksi angalau kuna kanuni za mwaka 2022 zilizoweka kikomo cha makato kuwa asilimia 18. Kazi hizi za wakala zina hesabu zake. Kutoka kwenye kile kilichomfikia anatoa mafuta ya kwenda na kurudi na paking ya uwanjani ambayo haijali kama ndege imechelewa.

Kisha kuna barabara. Asiyeijua njia ile ataona kilomita chache tu. Anayeijua anajua malori ya bandarini. Daraja jipya la Makupa limesaidia, barabara za Kipevu na Dongo Kundu zimepunguza mzigo, lakini trela moja likilala ubavu karibu na Changamwe, mji mzima unasimama. "Ukiwa umelipa bei moja," alisema, "trela likianguka, hasara ni yangu."

Sikuwa nimeliwaza hivyo. Nilipobonyeza kulipa nilidhani nimemnunulia Shangazi njia isiyo na foleni wala kungoja. Foleni ilibaki Changamwe palepale. Nilichofanya ni kumtafutia mtu mwingine wa kukaa ndani yake.

Na kungoja vilevile. Ujumbe ulisema kuna saa nzima ya kusubiri bure. Hiyo bure ilikuwa kwangu. Yeye alikaa garini tangu kabla ya saa mbili, kiti kimelazwa, akila muhogo wa kukaanga na pilipili, na mara mbili alikwenda hadi mlangoni kuhakikisha simu yake haimdanganyi. Muda uliozidi ile saa hakuulipwa, kwa kuwa aliyechelewa ni ndege, si abiria.

Kwa hiyo Shangazi alingojwa! Mtu mzima alikaa karibu saa mbili akimngoja yeye, jina lake mapajani. Nilimpelekea habari hiyo kama wakili aliyepata shahidi.

## "Natafuta sura"

"Mwanangu," akasema, "yule kijana nilimpita mara mbili."

Alikuwa ametoka, akampita mwenye kibao, akaenda hadi mwisho wa ukingo, akageuka, akampita tena. Nikamwuliza kama miwani ilikuwa mkobani. Ilikuwa mkobani. "Hata ningeivaa," akasema. "Nilikuwa natafuta sura, si maandishi."

Dereva ndiye aliyemtambua. Aliona mama wa buibui amesimama katikati ya njia, watu wanampita huku na huku, anatazama nyuso moja moja. Akalisoma jina la kwenye kibao kwa sauti. Shangazi hakugeuka. Akalisoma tena. Wapi. Ndipo akajaribu vingine: "Mama, si wewe unaenda Kibokoni?"

Kibokoni ndiko kulikomgeuza.

Nilimwomba radhi dereva kwa niaba ya lile jina la herufi kubwa, akacheka. Aliniambia wapo wengi, hasa wazee wanaorudi nyumbani. Watalii hukiendea kibao moja kwa moja, wanakitafuta kabla hawajaumaliza mlango. Mwenyeji haangalii vibao. Anaangalia nani kaja.

Nilimwuliza Shangazi angefurahi vipi, basi, kama ningekuwapo mimi peke yangu, bila ukoo, bila vikuba, na jasho la kazini. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama maji yana unyevu. "Ningekuona," akasema.

## Viti vitupu

Kijana wa Mikindani alikuwa ameshasimama kwenda zake aliposema jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa. "Lakini bosi, mbona hamkunipigia nimpitie mmoja wenu? Mimi nilitoka mjini mtupu."

Alianzia Buxton jioni ile. Alipita Makupa na viti vitano, yeye kwenye kimoja.

Mimi nilikuwa kazini, kweli. Lakini Mjomba alikuwa nyumbani, amevaa kanzu tangu magharibi, anauliza kila baada ya muda kama kuna habari. Kwa kuwa haendeshi usiku, sote tulimtoa kwenye orodha, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtu anaweza kukaa kiti cha abiria akafika vilevile. Binamu wa Probox naye alikuwapo, akimlaumu fundi. Sura zilikuwapo, na gari la kuzibeba lilipita umbali wa kutembea, likaenda tupu.

Fomu iliuliza idadi ya abiria. Iliuliza masanduku na kiti cha mtoto. Haikuuliza kama kuna anayetaka kupelekwa akangoje, na sielewi kwa nini ingeuliza, kwa kuwa fomu ile ilitungwa kwa ajili ya mtu anayefika mji asiokuwa na mtu. Sisi ndio tuliodhani kwamba gari likishaagizwa, sisi tumeshamaliza.

Nina shaka moja. Dereva anasema wakala hajali nani yumo ndani wakati wa kwenda, anajali wakati wa kurudi. Huenda. Mimi sipendi kuona kijana anaulizwa maswali kwa sababu ya kanzu ya Mjomba, au kusikia habari za bima baada ya ajali. Kwa hiyo safari ijayo nitamwuliza wakala mwenyewe kabla ya kulipa, na akikataa nitajua nilipe nani moja kwa moja.

Safari ijayo ni Desemba. Anakuja binamu wa Kanada na mkewe na watoto wawili. Nimeandika kwenye grupu la WhatsApp la familia kwamba gari litaagizwa, na kwamba kuna nafasi kwa atakayependa kwenda kupokea. Wa kwanza kujibu alikuwa Mjomba, kwa ujumbe wa sauti, anauliza saa ngapi ajitayarishe. Akafuata shangazi mdogo, ambaye vikuba vyake haviwezi kwenda bila yeye. Kisha binamu wa Probox, ambayo imepona lakini haiaminiki, na wanawe wawili. Shangazi Mkubwa, aliyekwisha kurudi London, anatoa amri kutoka huko kuhusu nani akae mbele.

Axio haitoshi. Kijana wa Mikindani anamjua mtu mwenye Noah, bei itapanda, na ameshasema watoto hawapakatwi kwa sababu ya askari wa njiani. Sasa mjadala kwenye grupu ni nani atalipa nyongeza. Binamu wa Kanada, ambaye naye yumo humo, anasoma kila ujumbe na hajaandika kitu tangu juzi.